Daftari la Drumont

Wanavyuoni wetu wamezoea kuieleza taasubi, yaani ile bughudha ambayo mtu humwekea mwenziwe kwa sababu ya nasaba yake wala si kwa sababu ya tendo lake, kuwa ni mtoto wa ujinga, na kwa hiyo dawa yake ni skuli, vitabu na magazeti. Nami sikanushi kwamba ujinga una sehemu yake. Lakini mtu akiitazama kwa makini historia ya Paris katika miaka 15 ya mwisho ya karne ya 19, mji uliokuwa umejaa skuli, vitabu na magazeti kuliko takriban miji yote ya dunia ya wakati ule, ataona jambo ambalo maelezo hayo hayalifikii, nalo ni kwamba taasubi ile ilipendwa. Watu waliinunua asubuhi kwa santimu chache, wakaisoma wakicheka, wakaichangia fedha za mifukoni mwao, na wengine wakaona fahari majina yao kupigwa chapa ndani yake. Ladha hiyo, ya kulitamka lililokatazwa mbele ya hadhira inayopiga makofi, ndiyo ninayotaka kuifuatia kupitia maisha ya mtu mmoja na gazeti lake.

Édouard Drumont alizaliwa Paris mwaka 1844, mwana wa karani wa baraza la mji, na baba yake alipopatwa na maradhi ya akili ilimlazimu kijana huyo kujitafutia riziki kwa kalamu. Kwa miaka mingi aliandika katika La Liberté, gazeti lililokuwa mikononi mwa akina Pereire, matajiri wa mabenki na reli wenye asili ya Kiyahudi, na mshahara wao akaula kwa amani. Kisha, katika mwezi wa Aprili 1886, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 40 bila ya kujulikana sana, akatoa kitabu cha juzuu mbili na kurasa zaidi ya 1,000 kiitwacho La France juive, ambacho ndani yake alidai kwamba kila balaa iliyoifika Ufaransa, tangu kushindwa vitani hadi kuporomoka kwa maadili, ilikuwa kazi ya Mayahudi.

Kitabu hicho hakikuwa na ilimu. Kilikuwa na mchanganyiko, na katika mchanganyiko huo ndimo ulimokuwamo uhodari wa mtungaji wake. Alizichukua chuki za kale za kanisani juu ya watu waliodaiwa kumsulubu Masihi, akazikoroga pamoja na chuki mpya za maskini juu ya wenye mabenki, akatia na maneno ya wale wataalamu wa zama zake waliopima mafuvu na kugawa wanadamu kwa damu, na juu ya yote akanyunyiza uvumi wa sebuleni: nani kamwoa nani, nani amebadili jina, nani anadaiwa na nani. Msomaji asiyejali dini alipata uchumi, asiyejali uchumi alipata umbea. Mayahudi wenyewe, tusisahau, hawakufika laki moja katika taifa la watu zaidi ya milioni 38, na Wafaransa wengi waliokisoma kitabu kile hawakuwa wamepata kuonana na Myahudi hata mmoja.

Mwanzoni kitabu hakikununuliwa. Alphonse Daudet, mwandishi wa riwaya mwenye jina kubwa, ndiye aliyekuwa amemsaidia Drumont kumpata mchapishaji, na kwa siku kadhaa ilionekana kana kwamba hisani hiyo imepotea bure. Lakini gazeti la Le Figaro lilipokizungumzia, na Arthur Meyer, mkurugenzi wa Le Gaulois, mzaliwa wa Kiyahudi aliyetajwa vibaya humo, alipomwita mtungaji katika mapigano ya panga, mambo yaligeuka. Katika mapigano yale Meyer, kinyume cha kanuni zote za mchezo huo wa kiungwana, aliukamata upanga wa hasimu wake kwa mkono wa kushoto akamchoma paja kwa mkono wa kulia. Drumont alirudi nyumbani akitoka damu na akiwa tajiri, kwani nakala zilianza kwenda kwa makumi ya maelfu. Waarabu wana msemo kwamba mtu aende kinyume apate kujulikana, na sijui kama Drumont aliusikia, ila maisha yake yote yaliyobaki aliyaendesha kwa kanuni hiyo: alijifanya kuwa mtu mmoja aliyesimama peke yake, asiye na mtetezi, akithubutu kusema mbele ya wenye nguvu neno ambalo kila mtu analijua na hakuna alitamkaye. Mtu huyo mpweke alikuwa na mchapishaji, na rafiki maarufu, na muda si muda akawa na gazeti.

Hapa inampasa mwandishi wa historia awe mwadilifu, aseme kwamba manung'uniko aliyoyavunia Drumont hayakuwa yote ya uongo. Mwaka 1882 benki ya Kikatoliki ya Union Générale ilianguka, na akiba za makasisi, wajane na mabwana wadogo wa mashamba zikaanguka nayo. Mwaka 1889 kampuni ya Ferdinand de Lesseps, iliyokuwa ikichimba mfereji wa Panama, ikafilisika na kuzimeza amana za Wafaransa kwa mamia ya maelfu. Watu hao waliibiwa kweli, na walioulizwa waliwajibu kwa kiburi au kwa kimya. Aliyewafikia na jibu la wazi, lenye jina na sura ya mtu wa kumchukia, aliwafikia kama tabibu, hata kama dawa aliyoichukua ilikuwa sumu. Sheria ya magazeti ya tarehe 29 Julai 1881 ilikuwa imewapa Wafaransa uhuru mpana wa kuchapa, na tarehe 20 Aprili 1892 Drumont akautumia kuanzisha gazeti la kila siku, La Libre Parole, yaani Neno Huru, lenye wito wake chini ya jina: Ufaransa kwa Wafaransa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwashambulia maofisa wa Kiyahudi waliokuwa jeshini. Kapteni Crémieu-Foa akamwita Drumont kwenye mapigano, na ugomvi ule ukazaa ugomvi mwingine, hata tarehe 23 Juni Kapteni Armand Mayer, ambaye kosa lake lilikuwa kusimama shahidi wa mwenziwe, akauawa kwa upanga wa Marquis de Morès, mmoja wa masahibu wa gazeti. (Shahidi mwingine wa Crémieu-Foa alikuwa ofisa mmoja mwenye madeni aitwaye Esterhazy, msomaji aliweke jina hilo.) Umati mkubwa ulimsindikiza Mayer makaburini, na kwa muda ilidhaniwa kuwa damu ile itawatia watu haya. Lakini kabla ya mwaka kwisha kashfa ya Panama ilipasuka, ikafahamika kwamba wajumbe wa Bunge walikuwa wamelishwa rushwa, na kwamba mmoja wa waliozigawa fedha hizo alikuwa Baron Jacques de Reinach, Myahudi, aliyekutwa amekufa nyumbani kwake mwezi wa Novemba. Wajumbe waliozipokea walikuwa Wakristo kwa wingi wao. Gazeti lilijua la kulitaja kwa herufi kubwa na la kulipitisha kimya, na mauzo yake yakapanda mno.

Basi Kapteni Alfred Dreyfus, ofisa wa mizinga, mzaliwa wa Mulhouse katika Alsace, alipokamatwa tarehe 15 Oktoba 1894 kwa tuhuma ya kuwauzia Wajerumani siri za jeshi, uwanja ulikuwa umekwisha kulimwa. La Libre Parole ndiyo iliyoitoa habari hiyo hadharani, ikalipiga jina lake na asili yake vichwani mwa habari kabla mahakama haijakaa, na waziri wa vita, Jenerali Mercier, ambaye gazeti hilo hilo lilikuwa likimtukana, akaona kuwa kumwachilia mtuhumiwa kutamgharimu cheo chake. Dreyfus alihukumiwa mwezi wa Desemba kwa hati za siri ambazo wakili wake hakuonyeshwa, akavuliwa vyeo vyake mbele ya majeshi na mbele ya umati uliopiga kelele nje ya uzio tarehe 5 Januari 1895, kisha akapelekwa Kisiwa cha Shetani, pwani ya Guiana. Mengi yameandikwa juu ya yaliyofuata, nami nitayapita upesi: Luteni Kanali Picquart aligundua mwaka 1896 kwamba mwandishi wa waraka uliomtia hatiani Dreyfus alikuwa Esterhazy, yule yule, Esterhazy akashtakiwa na kuachiliwa, na tarehe 13 Januari 1898 Émile Zola akatoa katika L'Aurore waraka wake wa wazi kwa Rais, ambao siku ile peke yake uliuzwa nakala laki kadhaa.

Ghasia zikaenea katika miji mingi, na zilizokuwa mbaya kuliko zote zilitokea Algiers, ambako maduka ya Mayahudi yaliporwa na watu wakauawa. Kiongozi wa ghasia hizo alikuwa Max Régis, kijana mwenye ufasaha na majivuno, aliyefanywa meya wa mji huo mwaka ule ule; na huyu mlinzi wa Ufaransa kwa Wafaransa alikuwa mwana wa mhamiaji wa Kitaliani. Mwezi wa Mei watu wa Algiers walimchagua Drumont mwenyewe kuwa mjumbe wao Bungeni. Walowezi hao, wengi wao Wahispania na Wataliani waliopewa uraia juzi tu, walilalamika kwamba Mayahudi wa Algeria hawakustahili uraia waliopewa mwaka 1870. Na Waislamu, wenyeji wenye nchi, hawakuwa na kura ya kumpeleka mjumbe huko, wala hakuna katika mabingwa hao wa haki za umma aliyeona ajabu.

Katika kiangazi cha mwaka 1898 serikali ilitaka kuumaliza mzozo. Waziri mpya wa vita, Cavaignac, alisimama Bungeni tarehe 7 Julai akasoma waraka uliothibitisha, kwa kadiri alivyoamini, hatia ya Dreyfus, na hotuba yake ikabandikwa katika kila manispaa ya nchi. Usiku mmoja wa mwezi wa Agosti Kapteni Cuignet, aliyepewa kazi ya kuzipanga hati, akauweka waraka ule karibu na taa, akaona kwamba mistari iliyochorwa katika karatasi ya juu na ya chini ilikuwa ya rangi nyingine na ile ya katikati: vipande vya barua mbili vilikuwa vimegandishwa kuwa barua moja. Luteni Kanali Hubert Henry, aliyeighushi, akakiri tarehe 30 Agosti, na kesho yake, akiwa amefungwa katika ngome ya Mont-Valérien, akajikata koo kwa wembe.

Kwa hesabu ya akili ya kawaida, jambo lilikuwa limekwisha. Ushahidi ulikuwa wa uongo, mwenye kuughushi amekiri na kujiua, waziri amejiuzulu. Angebaki nani wa kuendelea kuamini? Lakini hapa ndipo alipojitokeza kijana wa miaka 30, Charles Maurras, aliyeandika katika La Gazette de France, gazeti kongwe la wapenda ufalme, kwamba Henry hakuwa mhalifu bali shujaa, kwamba kughushi kwake kulikuwa huduma kwa taifa, na kwamba damu yake ilikuwa damu ya kwanza ya Mfaransa kumwagika katika vita hivi. Hoja hii haikukanusha ushahidi hata kidogo. Iliukubali, ikaupindua, ikaufanya aibu ya yule anayeushikilia: mwenye kusema kwamba uongo ni uongo akawa ndiye mtu mdogo, mshika herufi, asiyejua mapenzi ya nchi. Nimeona katika maisha yangu hoja nyingi za kuteteresha haki, na aghalabu huzitambua kwa woga wake. Hii haikuwa na woga, na ndiyo maana iliwapendeza vijana wenye akili waliochoshwa na kuwa waadilifu pamoja na wazee wao.

Joseph Reinach, mwanasiasa na mpwa wa yule Baron wa Panama, alipoandika katika Le Siècle kwamba Henry alikuwa mshirika wa Esterhazy, mjane wa Henry alitaka kumshtaki, na tarehe 14 Desemba 1898 La Libre Parole ikafungua mchango wa kumsaidia yeye na mwanawe. Bango lilitandazwa mbele ya ofisi za gazeti katika Boulevard Montmartre, na kwa muda wa mwezi mmoja majina ya wachangiaji yakachapwa siku baada ya siku katika orodha 18. Watu wapatao 25,000 walitoa jumla ya faranga 131,000 hivi. Walikuwamo majenerali, Mercier mmojawapo. Walikuwamo makasisi kwa mamia, wanafunzi, mabwana wenye nasaba, washonaji, wapishi na watumishi wa nyumbani. Walikuwamo waandishi: François Coppée, Maurice Barrès, na bibi mwenye kujiita Gyp katika riwaya zake. Wengi walitoa faranga moja, au nusu yake.

Lakini fedha haikuwa maana ya jambo. Kila mchangiaji aliruhusiwa kuandika maneno machache kando ya jina lake, au mahali pa jina lake, na maneno hayo ndiyo yaliyofanya orodha zile zinunuliwe kama riwaya. Aliyepata kuhudhuria taarabu katika pwani yetu anajua jinsi mtu anavyonyanyuka na noti mkononi, akaenda polepole kumtunza mwimbaji katika ubeti ule ule unaomchoma hasimu wake aliyeketi upande wa pili, na ukumbi mzima ukaelewa bila ya yeye kufungua kinywa. Tofauti ni kwamba katika taarabu aliyefumbwa naye ana noti yake, na wimbo wa kujibu huja. Katika ukumbi wa Drumont upande wa pili haukuwa na kiti.

Mkazi mmoja wa Baccarat, mji wa viwanda vya vioo, aliandika kwamba angependa kuwaona Mayahudi wote wa mahali pale, waume kwa wake na vitoto vyao, wakichomwa katika matanuri makubwa ya kuyeyushia vioo. Tabibu wa jeshi alitamani upasuaji wa majaribio ufanyiwe Mayahudi badala ya sungura wasio na hatia. Kasisi mmoja aliomba zulia la kuweka kando ya kitanda, la ngozi ya Myahudi, apate kulikanyaga asubuhi na jioni. Wengine walileta mashairi, wengine tashtiti za kuchezea majina, wengine manung'uniko ya biashara iliyoshindwa. Ukizifuata orodha zile unasikia, chini ya matusi, sauti ya watu wanaosikilizana: mmoja amechekesha jana, wa leo hana budi amshinde, na kwa kuwa jana kulitajwa kipigo, leo inabidi itajwe ngozi. Angewaendea mtu nyumbani kwao akawauliza kama kweli wanataka watoto watiwe matanurini, nadhani wengi wangeshangaa, wakasema ulikuwa ni mzaha tu, na hata wangeona kuwa muulizaji hajui kucheka. Na pengine wangesema kweli. Mzaha ndio uliowawezesha kuyatamka maneno yale bila ya kuyasikia, na kutojitaja majina, kwa wengi waliojiita tu ofisa, au mpishi, au mama mzalendo, kuliwawezesha kuwa majasiri bila ya kuhatarisha kitu. Anayeshika simu usiku siku hizi hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Katika orodha hizo limo jina moja linalonitia fadhaa kuliko la yule wa Baccarat. Paul Valéry, karani katika wizara ya vita, mshairi ambaye baadaye Ufaransa ingemheshimu kuwa mojawapo ya akili zake safi kabisa, alitoa faranga 3, na kando ya jina lake hakuweka tusi lolote. Aliandika kwa ufupi kwamba hakufanya hivyo pasipo kutafakari. Yule wa matanuri alikuwa amelewa na kelele za wenziwe. Huyu alikaa kitako, akapima, akaona kwamba dola na jeshi ni vitu vikubwa kuliko kapteni mmoja aliyefungwa kisiwani, kisha akaweka sarafu zake tatu katika kapu lile lile. Watu wa namna yake huwa ni wachache sana katika kila kundi la chuki, na kundi huwahitaji mno, kwa kuwa heshima yao ndiyo inayomwezesha mpishi na kasisi kuamini kwamba hawako pamoja na wahuni.

Mshairi mwingine, Pierre Quillard, mtetezi wa Dreyfus, alifanya jambo ambalo naliona kuwa la busara kuliko waraka wowote wa majibu. Alizichukua orodha zote 18, akazipanga upya kwa kazi na daraja za watu, maofisa mahali pao, makasisi mahali pao, mabwana wa nasaba na walimu na wanafunzi kadhalika, akazichapa mwaka 1899 katika kitabu kinene cha mamia ya kurasa, akiyaacha maneno ya wachangiaji kama walivyoyaandika. Yaliyosomwa kwa kicheko kila siku kidogo kidogo, yalipowekwa pamoja chini ya vyeo vya wenyewe, yalikoma kuchekesha.

Mwaka huo huo Dreyfus alirejeshwa, akahukumiwa tena Rennes kwa hukumu ya ajabu ya hatia yenye kupunguziwa, akasamehewa na Rais. Na tarehe 12 Julai 1906 mahakama ya juu ikaifuta hukumu yake kabisa. Drumont alikuwa amekwisha kupoteza kiti chake cha Algiers mwaka 1902. Mwaka 1909 mtu huyu aliyeishi kwa kuwatukana wakubwa aligombea kuingia katika Akademia ya Ufaransa, baraza la wakubwa wa lugha na adabu, akashindwa na mtunzi wa riwaya Marcel Prévost. Akaliuza gazeti lake, akafa mwaka 1917 akiwa amesahauliwa na wengi, na La Libre Parole yenyewe ikazimika mwaka 1924.

Maurras hakusahauliwa. Gazeti lake, L'Action française, lililea vizazi viwili vya vijana katika ile raha ya kuwa kinyume, na tarehe 3 Oktoba 1940, nchi ikiwa chini ya miguu ya Wajerumani, serikali ya Vichy ilipotoa kwa hiari yake sheria ya kuwatoa Mayahudi katika ofisi za dola, jeshi, ualimu na magazeti, Maurras na wafuasi wake waliiunga mkono kama ushindi uliochelewa. Katika miaka minne iliyofuata Mayahudi wapatao 76,000 walipelekwa kutoka Ufaransa kwenye kambi za mauti, na waliorudi walikuwa wachache. Mwezi wa Januari 1945 mahakama ya Lyon ilimhukumu Maurras kifungo cha maisha kwa kushirikiana na adui, naye aliposikia hukumu akapaza sauti kwamba hicho ndicho kisasi cha Dreyfus. Dreyfus alikuwa amekwisha kufa miaka karibu 10 nyuma, na mjukuu wake Madeleine Lévy, binti aliyekuwa katika harakati za kuupinga ukaliaji wa Wajerumani, alikuwa amekufa Auschwitz mwaka mmoja kabla ya siku ile.